Naomba ushauri: nifundisheje umbali wa sayari unaobadilika?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nafundisha sayansi darasa la sita hapa Ujiji, Kigoma. Wanafunzi wanaamini Zuhura ndiyo iliyo karibu nasi siku zote. Kumbe ikiwa upande wetu wa Jua ni kama kilomita milioni 40, ikiwa ng'ambo hufika milioni 260. Ndiyo maana kwa wastani wa muda, Utaridi (sayari iliyo jirani na Jua), isiyofika mbali nasi kiasi hicho, ndiyo iliyo karibu nasi zaidi!

Nimechora njia zao mchangani kwa kamba na kijiti, watoto wakazunguka: Zuhura siku 225, Dunia 365. Kubadilika wamekuona vizuri. Hoja ya wastani ndiyo imekwama, na natamani sana iwaingie.

Je, wapime umbali kila baada ya siku ngapi za mzunguko ili wastani utoke vizuri? Na kwa umri wao, jedwali au grafu?