Marudio yenye zebaki: yaende kwenye sianidi au yabaki mwaloni?

Bonde la Mafunjo (mleta mada)
Wakuu, hoja ni hii. Huko Geita marudio (mchanga unaobaki baada ya kuchenjua dhahabu) ya mialo, yaani sehemu za wachimbaji wadogo za kuoshea dhahabu, huuzwa kwa wenye plant za sianidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu, kwa kuwa zebaki hukamata sehemu tu ya dhahabu na nyingine nyingi hubaki mchangani. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulioanza kutumika 2017, unataka uchenjuaji wa namna hiyo ukomeshwe endapo zebaki haijaondolewa kwanza. Naunga mkono: marudio yasiguse sianidi yakiwa bado na zebaki. Zebaki yenyewe ina uzito mara 13.6 ya maji, hivyo tone lake huzama na kukaa. Sianidi huiyeyusha, na ikishayeyuka haingoji mafuriko ili isafiri.

Karasha Tatu
Napinga, mkuu. Mnaposema "yabaki mwaloni" mnasahau mvua. Mawe yakisagwa pamoja na zebaki kwenye karasha, zebaki hupasuka na kuwa unga, ikashikamana na tope laini. Mvua za kwanza zinalibeba tope hilo hadi mtoni. Tanki lililosakafiwa vizuri linayaweka marudio mbali na njia ya maji. Halafu samaki wa Ziwa Victoria wamepimwa tangu miaka ya 1990, na wengi wako chini ya kikomo cha miligramu 0.5 za zebaki kwa kilo. Madhara mnayoyasema yako wapi?

Maabara ya Maji
Ndugu Karasha, kuhusu mvua uko sahihi kabisa. Kuhusu ziwa, hapana: ziwa si kijito. Utafiti wa Rwamagasa, machimbo ya Geita, miaka ya 2000 ulikuta sato wa ziwani wana zebaki kidogo sana, huku baadhi ya samaki wa vijito vya karibu na machimbo wakivuka kiwango hicho.

Sababu iko chini ya tope. Panapokosa hewa, kwenye mafunjo, majaruba ya mpunga na mashimo yaliyoachwa yakajaa maji, bakteria wanaotumia salfeti au chuma huigeuza zebaki kuwa zebaki ya methili, aina yenye sumu kali inayoingia kwenye viumbe. Mawe yetu yana pairaiti, madini ya chuma na salfa. Ikioza inatoa salfeti, na bakteria hao wanapata wanachohitaji. Kutoka majini kwenda kwenye mwani ndiyo hatua kubwa kuliko zote, kiwango hupanda mara maelfu kwa maelfu. Kisha wadudu wachanga wa majini, furu, na mwisho kambare na kamongo. Ndani ya mnofu wa samaki mla samaki karibu zebaki yote ni ya methili. Imeshikamana na protini, haiko kwenye mafuta, kwa hiyo kukaanga au kuchuna ngozi hakuiondoi.

Ndiyo maana chupa ya maji iliyochotwa mwaloni haithibitishi chochote. Maji yanaweza kufaulu kipimo na kambare wa bondeni akafeli. Pima mnofu wa spishi ileile, andika urefu na uzito, maana samaki mkubwa kwa kawaida huwa na zebaki zaidi. Tope lichujwe, upime chembe za chini ya maikroni 63. Ukipima mchanga mzima, kokoto zinapunguza jibu.

Karasha Tatu
Nimekuelewa. Basi niambieni zebaki inatolewaje kwenye tani za marudio. Retoti, chombo kilichofungwa cha kuchomea zebaki, haisaidii hapo, inakamata mvuke wa kuchoma tu.

Bonde la Mafunjo
Kweli, retoti ni ya kuchoma. Kwa marudio, yapitishe tena kwenye mteremko wa kunasia vizito, kisha juu ya sahani za shaba zilizopakwa fedha, maji yakienda taratibu. Unga laini sana utapita bado, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Kwa hiyo mzizi ni kuacha kutia zebaki ndani ya karasha. Osha kwanza, itie kwenye konsentreti tu, yaani mchanga mzito wenye dhahabu unaobaki baada ya kuosha. Zebaki inayopotea inapungua sana, na marudio yanayotoka mapema hayajaguswa na zebaki.

Maabara ya Maji
Niongeze hoja ya kaboni inayotumika kwenye plant za sianidi. Inanasa zebaki pamoja na dhahabu, na ikichomwa inatoa mvuke, unaorudi ardhini na vijitoni. Plant isiyo na kifaa cha kupoza mvuke huo isipewe kibali, hata kama sakafu yake haivuji na iko nje ya mita 60 za mto zinazotajwa na Sheria ya Mazingira ya 2004.

Karasha Tatu
Hilo la kaboni nakubali. Ila gharama ya sahani na kupima abebe mwenye plant anayenunua marudio, si mwenye mwalo. Faida kubwa iko kwake.