Vita ya Marekani ya 1861: utumwa au ushuru?

Mkulima Mdogo: Wakuu, jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Jamaa kashikilia kwamba Kaskazini na Kusini ya Marekani walipigana kwa ajili ya ushuru wa forodha na haki za majimbo, utumwa umebandikwa baadaye. Mimi nasema utumwa. Nani kapatia?

Bwana Forodha: Jamaa yako. Lincoln mwenyewe, rais wa Kaskazini, aliandika 1862 kwamba kama angeweza kuunusuru Muungano wa majimbo bila kumwacha huru mtumwa hata mmoja, angefanya hivyo. Na tangazo lake la kuwaacha huru watumwa, la Januari 1863, halikuwagusa watumwa wa Kentucky wala Maryland, majimbo yaliyobaki upande wake. Someni, msimezeshwe.

Chelewa: Hiyo ni sababu ya Lincoln kupigana. Majimbo ya Kusini yaliyojitoa kwenye Muungano je? Mississippi waliandika wenyewe kwamba msimamo wao umefungamana kabisa na utumwa. Ule ushuru wako ulisainiwa Machi 1861, majimbo saba yameshaondoka! Na haki za majimbo gani, wakati sheria ya serikali kuu ya 1850 iliwalazimisha watu wa Kaskazini kuwarudisha watumwa waliotoroka? Halafu tusijifanye watazamaji. Merikani, kile kitambaa cha Marekani walichovaa babu zetu, Unguja hadi Tabora, ilifumwa kwa pamba ya watumwa hao hao.

Bwana Forodha: Babu zetu na nani? Wa kwetu alikuwa mpagazi, kabeba pembe za ndovu za wengine mpaka pwani, akalipwa hiyo merikani kwa kipimo cha mikono. Leo wewe na simu yako unamfanya mshirika wa wachapa viboko? Futa hilo kwanza.

Chelewa: Sijamtaja babu yako.

Bwana Forodha: Umesema Tabora.

Binti Pangani: Mnagombea merikani? Mama mkubwa anaiita hivyo mpaka leo. Kitambaa kigumu, rangi ya maziwa yaliyolala, anashonea mito ya sufi. Ukikiloweka mara ya kwanza wanga unatoka, maji yanakuwa kama uji.

Bwana Forodha: Hiyo bafta.

Binti Pangani: Bafta nyeupe, laini, ya sanda. Kaka, usinifundishe kitambaa, mimi ndiye nilikuwa natumwa dukani.

Mkulima Mdogo: Jamani, swali langu…

Chelewa: Dada yuko sawa. Vita ilipoanza, merikani ya Massachusetts, jimbo la Kaskazini, iliadimika Unguja, kitambaa cha Waingereza kikaingia, jina likabaki.

Bwana Forodha: Ahaa! Kwa hiyo vita ya pamba. Biashara. Nilisema nini?

Chelewa: Na pamba iliota ikajichuma? Walikuwa watu karibu milioni 4, ndugu yangu, na ndio waliokuwa mali kubwa kuliko hiyo pamba yenyewe.

Bwana Forodha: Sijibu kitu mpaka la babu lifutwe.

Binti Pangani: Alilipwa doti ngapi, huyo babu?