Krisanthemu za grinhausi: taa mnazima kwa wiki, kwa urefu au kwa kuhesabu majani?

kijana_wa_usariver
Wadau habari za jioni. Naomba tusaidiane maana nimepewa maelekezo ya watu watatu na hakuna yanayofanana. Nina banda dogo hapa Usa River, nimepanda krisanthemu nyeupe za spreyi, zile za shina moja maua mengi madogo, miche ilikuja na mizizi tayari mwanzoni mwa Septemba, na tangu siku ile inapigwa taa kuanzia saa nne usiku mpaka saa nane. Sasa lini nizime ianze kubeba maua? Jirani anasema wiki tatu zikitimia zima, usiangalie kitu kingine. Aliyeniuzia miche anasema subiri ifike sm 40. Halafu akaja bwana shamba mmoja akainama kwenye tuta akaanza kuhesabu majani, akasema bado, jani la 14 halijafunguka. Leo tarehe 28 nimepima, ya katikati ina kama sm 30, ya mlangoni 36, ya pembeni kwenye ukuta 24. Nataka niuze wiki ya kwanza ya Desemba, harusi ziko nyingi na Krismasi inafuata. Nyie mnaenda na kipimo gani?

mkulima_kibosho
Wiki. Mimi nahesabu wiki tatu na nusu naenda kuzima nalala. Ukianza kutembea na rula humo ndani kila siku utazeeka kabla ya maua.

MamaMaua_Limuru
Kibosho wiki ni za mtu anayelima msimu mmoja tu kwa mwaka. Huku kwetu Limuru na ile baridi ya Julai, wiki tatu unapata kamche ka sm 18, ukizima hapo utavuna maua ya kuweka kwa kikombe. Mwezi wa pili kukiwa na joto mche ule ule, wiki zile zile, uko 35 na unaendelea. Mimi nina fimbo nimeiwekea alama mbili za rangi, 30 na 40, naisimamisha katikati ya tuta, vichwa vingi vikishapita alama ya kwanza ndio naanza kufikiria. Sababu ni soko jameni. Mnunuzi wa Nairobi anashika shada anapima shina kwanza, ua anaangalia baadaye. Na hii mimea ukizima taa haisimami hapo hapo, inaendelea kupanda mpaka kitumba cha juu kikomae, kwa hivyo ile ya 35 itakupea mara mbili na kidogo juu. Ukizima ikiwa 20 hiyo hesabu fanya mwenyewe.

mchokozi_wa_jiji
Samahani wakuu, taa usiku wa manane, mimea ya ndani, mnasubiri itoe maua… mna uhakika ni krisanthemu? Isije ikaja defenda ya polisi hapa 😂

mkulima_kibosho
😂😂 Mkuu ule mmea nao tabia ni hiyo hiyo, unasubiri usiku mrefu. Ila huu wa kwetu unaupeleka kanisani bila kujificha.

supa_naivasha
Nimefanya kazi ya maua miaka mingi, wacha niingie kidogo, itakuwa ndefu mnivumilie.

Kwanza kijana aelewe taa ni za nini, ndio ajue anazima nini. Krisanthemu inapima usiku, haina shida na mchana. Ikipata giza refu lisilokatwa inaanza kubeba, na kwa aina nyingi mpaka wake ni mchana wenye urefu wa kama saa 13 na nusu, ukiwa mfupi chini ya hapo inageuka. Sasa sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni saa 12 na dakika chache mwaka mzima, maana yake ukipanda bila taa mche utataka kutoa maua ukiwa bado mtoto. Wazungu wa Uholanzi kiangazi wanafunika banda na plastiki nyeusi kutafuta usiku, sisi giza tuko nalo la bure, tunalikata na taa tupate urefu, tukitosheka tunazima. Ni hivyo tu.

Sasa hivyo vipimo vitatu. Wiki peke yake Mama Maua ashajibu. Urefu peke yake pia unaweza kukudanganya. Mche wa pembeni ya ukuta, ama uliosongamana, ama uliopewa naitrojeni nyingi, unakimbia juu kutafuta mwanga, unaukuta na sm 40 na shina ni jembamba, kutoka jani hadi jani ni mbali. Huo ni mrefu lakini haujakomaa, ukibeba maua unalala. Bwana shamba aliyehesabu majani hakuwa anapoteza wakati, majani ndio yanakuambia mmea umejenga mwili kiasi gani. Mimi siendi na nambari moja ya majani kwa aina zote, lakini nikiona majani 12 mpaka 15 yaliyofunguka vizuri, mapana, rangi imeshika, shina ukilibonyeza na kidole linakataa, huo mche umefika. Na ng'oa mmoja wa pembeni uangalie mizizi. Ikiwa myeupe na imejaa mpaka chini, sawa. Ikiwa ya kahawia na michache, hata uwe na sm 50 usizime, kuna shida ya maji ama ugonjwa, shughulikia hiyo kwanza.

Na kuna upande wa pili ambao watu wengi hawausemi, ukichelewesha sana. Mmea ukikaa kwa taa muda mrefu kupita kiasi unajichokea wenyewe, unatoa kitumba kimoja pale juu na taa zinawaka, utaona majani ya juu yamekuwa membamba kama ulimi, hayana zile kingo za kukatika katika. Kile kitumba hakifunguki vizuri na matawi ya pembeni yanakipita. Ukiyaona hayo majani ya ulimi jua ulitakiwa kuzima kitambo.

Kijana, sanduku la miche liliandikwa wiki ngapi?

kijana_wa_usariver
Asante sana mkuu, nimeelewa kuliko semina. Sanduku linasema wiki 8. Nilidhani ni wiki 8 tangu kupanda.

supa_naivasha
Hapana, ni wiki 8 tangu kuzima taa mpaka kuvuna. Za maua ya kukata nyingi ziko kati ya 7 na 9. Kwa hivyo rudi nyuma kutoka soko lako, wiki ya kwanza ya Desemba toa wiki 8 unaangukia kati ya tarehe 6 na 12 Oktoba. Lakini hizo 8 ni za banda lisilochemka. Thermomita yako mchana inasoma ngapi?

kijana_wa_usariver
Saa saba saa nane mchana nimekuta 34. Usiku sijapima, ila alfajiri unavaa sweta.

supa_naivasha
34 ni nyingi. Joto likizidi 30 siku nyingi vitumba vinachelewa, na usiku ukiwa wa moto ndio mbaya zaidi, wako uko sawa. Fungua pembeni mapema, saa tatu asubuhi sio saa sita, na kama una neti ya kivuli iweke mchana tu wakati wa jua kali. Hata hivyo jiwekee siku kadhaa za akiba, zima tarehe 3 mpaka 5 Oktoba.

MamaMaua_Limuru
Hapo sasa tunakosana kidogo supa. Tarehe 3 ile ya katikati itakuwa 35 hivi, sawa, lakini ya ukutani itakuwa bado haijafika 30. Mimi ningengoja iguse 10 Oktoba nipate shina. Maua mafupi Nairobi ni bei ya kuomba.

supa_naivasha
Mama kwa soko lako uko sahihi kabisa. Lakini huyu anauzia wapambaji wa harusi Arusha, na wapambaji wanakata shina wenyewe kuchoma kwa sponji ya maji, sm 60 inawatosha sana. Akingoja shina la 85 halafu joto limcheleweshe wiki moja, na tena mvua za vuli zimuletee kutu nyeupe ile ya madoa meupe chini ya jani, atavuna karibu na Krismasi wapambaji washajaza oda kwingine. Mche ukishapita 30 na mwili uko nao, mimi natii tarehe ya soko.

mkulima_kibosho
Si ndio maana mimi nasema wiki 😄

MamaMaua_Limuru
Wewe unasema wiki tangu kupanda, yeye anasema wiki kurudi nyuma kutoka soko. Hiyo si kitu moja kaka.

fundi_taa_moshi
Naomba nichangie upande wa umeme maana watu wanapanga tarehe ya kuzima vizuri halafu taa zinawaharibia bila kujua.

Kijana taa zako ni za aina gani? Zile balbu za zamani za waya zilikuwa zinakula umeme lakini zilikuwa na wekundu mwingi, na huo wekundu ndio mmea unaousikia. LED nyeupe za dukani zinafanya kazi ila zile nyeupe za kuelekea bluu sio nzuri sana, bora zenye umanjano, au kama bajeti ipo zile nyekundu za maua. Hakikisha juu ya majani unapata kama laksi 100, hicho ni kipimo cha mwanga, kuna programu za simu zinapima, sio sahihi sana ila zinakupa picha. Pale kwenye pembe za banda ndio huwa hafifu, na pengine hiyo mimea yako ya ukutani ishaanza kubeba kimya kimya ndio maana imesimama 24. Chambua ncha ya mmoja uangalie, fungua vile vijani vidogo kimoja kimoja na ukucha, ukikuta kifundo cha duara kama kichwa cha pini badala ya ncha iliyochongoka, huo umeshaanza.

La pili, taima. Kama ni ile ya kuzungusha kwa mkono, umeme ukikatika nayo inasimama, ukirudi inaendelea pale pale ilipoishia, unajikuta taa zinawaka saa kumi alfajiri mpaka mchana na wewe unajua mambo safi. Kila umeme ukikatika nenda karekebishe saa. Usiku mmoja bila taa hauna neno, ila tatu nne mfululizo kuna aina zinaanza kubeba.

La tatu kwa mwenye kulalamikia bili. Sio lazima ziwake saa nne zote mfululizo. Washa dakika 10, zima 20, washa 10, zima 20, kuanzia saa nne usiku mpaka saa nane, mmea unaona ni kama zimewaka muda wote. Unagawa banda mara tatu, kila sehemu na zamu yake, mzigo wa umeme unashuka theluthi mbili.

kijana_wa_usariver
Fundi nimetoka bandani sasa hivi na tochi ya simu 😅 Nimechambua ncha za mitatu ya ukutani. Miwili imechongoka, mmoja una hicho kifundo ulichosema. Balbu ya pembe ile imejaa vumbi na imening'inia juu sana.

fundi_taa_moshi
Basi jibu umelipata. Futa balbu na uishushe kidogo kwa siku zilizobaki. Ila huo wenye kifundo haurudi nyuma vizuri, hesabu kuwa utakuwa mfupi.

vipandikizi_entebbe
Mimi niko shamba la vipandikizi upande wa Entebbe, huku tunapeleka Ulaya. Kwetu swali lenu halipo, maana mimea mama, ile tunayokatia vipandikizi, haizimiwi taa hata usiku mmoja, ikitoa kitumba tumepata hasara. Kwa hiyo jambo la ncha tunalifanya kila asubuhi, watu wanapita na kuangalia. Ninachoweza kuongeza ni kwamba miche ikikaa muda mrefu kwenye friji au safarini kabla ya kupandwa, inachelewa kuanza, na hapo kuhesabu wiki tangu kupanda kunakosea kabisa. Hesabu kuanzia siku ulipoona jani jipya linasukuma.

mzee_wa_pareto
Nasoma tu hapa nacheka. Sisi pareto ni ndugu wa hayo maua yenu na hatuna taa wala taima. Yenyewe inasubiri usiku wa baridi ndio ibebe, ukiipeleka bondeni kwenye joto inabaki majani matupu.

kijana_wa_usariver
Mzee shikamoo 😄 Sasa wakuu swali la mwisho. Naweza kuzima upande wa mlangoni kwanza, tuseme tarehe 30, halafu upande wa ukuta nikaongeza siku tano sita?

supa_naivasha
Kwa banda dogo hivyo utapata shida, mwanga wa upande mmoja utamwagikia mwingine, na ile iliyozimiwa itapata giza lililochafuka. Itabeba, lakini kila mmea na siku yake, unavuna mashina matatu leo manne kesho. Wapambaji wanataka ndoo nzima siku moja.

fundi_taa_moshi
Inawezekana ukiweka pazia la plastiki nyeusi katikati kutoka kwenye bomba la juu mpaka chini, bila mwanya. Jaribio lake ni hili, simama usiku upande uliozimwa, ukiweza kusoma maandishi ya gazeti bila tochi mwanga umezidi. Na jaribio hilo hilo lifanyie taa ya ulinzi ya nje, hiyo ndio inawaponza wengi, wanazima za ndani na ya getini inamulika tuta la mwisho usiku kucha.

MamaMaua_Limuru
Usijisumbue na pazia kwa siku tano, zima zote pamoja. Ile ya ukuta utauza kama vishada vidogo vya meza. Halafu ukishazima usirudishe taa tena eti umeonea mimea huruma, giza kila usiku mpaka vitumba vionyeshe rangi. Kama wiki tatu hivi baada ya kuzima utaona vitumba, kwa spreyi toa kile cha katikati cha juu mapema kikiwa kidogo, ukikiacha kinafunguka peke yake na vingine vinabaki chini. Neti ya kushikilia mashina umepandisha?

kijana_wa_usariver
Neti ipo, ya jicho la sm 12.5, mche mmoja kila jicho, ila bado iko chini usawa wa majani ya kwanza.

MamaMaua_Limuru
Ipandishe kesho asubuhi kabla hazijashikana, na uendelee kuipandisha kadri zinavyopanda.

kijana_wa_usariver
Sawa mama, nimepokea. Basi nazima zote Oktoba 4 baada ya kusafisha balbu, getini natafuta taa ya kuwaka mtu akipita tu. Nikishaona vitumba nitaweka picha hapa hapa.

mkulima_kibosho
Oktoba 4 ukihesabu tangu ulipopanda ni kama wiki nne na ushee. Mimi nasema tu 😄