MREJESHO: "The ball is in your court" haikuwa kesi

Wakuu habari. Wiki iliyopita niliuliza maana ya "the ball is in your court", baada ya mteja wangu wa Nairobi kumalizia hivyo barua pepe yake ya bei ya vitenge. Nilipoona neno "court" nikajua napelekwa mahakamani, usingizi ukapaa.

Asanteni sana mlionielewesha kwamba msemo umetoka kwenye tenisi, ambako "court" ni uwanja: mpira ukishavuka wavu ukadunda upande wako, mwenzako hana la kufanya, anasubiri wewe uupige. Yaani yeye kamaliza yake, uamuzi ni wako. Dada aliyesema kwetu ni "kazi kwako" ndiye aliyenifumbua macho, ingawa kwangu "kazi kwako" ina ukali kidogo. Inategemea na sauti ya msemaji.

Jumatatu, nikiwa dukani Kariakoo, nikamjibu: bei nimekubali, ila nusu ya malipo itangulie. Chini nikaandika, "now the ball is in your court". Kabla ya adhuhuri pesa ikaingia. Marobota manne yamepakiwa kwenye basi leo alfajiri.