Naombeni ushauri, farasi wangu anagoma kiunzi cha pili

Habari zenu wakuu, naombeni msaada kwa anayejua farasi wa kuruka. Nina jike wa miaka 9, nampenda sana huyu mnyama, yuko Kisesa na mimi niko kwenye samaki soko la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, asubuhi ndo biashara yenyewe kwa hiyo tunabaki na jioni tu, na giza likianza visubi (vile vidudu vidogo vinavyouma) wanatoka, hao ndo wanaleta ule ugonjwa wa farasi wa Afrika, lazima awe bandani mapema.

Kiunzi kimoja cha sentimita 90 anaruka safi kabisa, masikio mbele. Nikipanga viwili vinavyofuatana, akitua cha kwanza anaongeza spidi halafu anafunga breki mbele ya cha pili. Daktari wa mifugo kamkagua miguu na mgongo, hana maumivu, tandiko nalo linamkaa vizuri. Nimeshusha hadi 60 nikaweka nguzo chini katikati, anatulia, nikipandisha anarudi kulekule. Fimbo sitaki.

Nimeacha mita 7 na nusu katikati ya viunzi, yaani akitua anapiga hatua moja ya mbio ndo aruke tena, na yeye hatua zake fupi: nipunguze kiasi gani? Na kwa muda huu mdogo, kuruka mara mbili kwa wiki inamtosha kufika mashindanoni au kila jioni kidogokidogo?