Majina ya wenye ahadi yawekwe kwenye tovuti ya usharika au yasiwekwe?

MTOA MADA: Wapendwa nisaidieni. Usharika wetu hapa Dar tunatengeneza tovuti, sasa kamati ya ujenzi inataka orodha yote ya ahadi za michango ya ujenzi iwekwe humo, jina na kiasi, eti wanaodaiwa wakijiona watalipa. Mi napinga na nitapinga mpaka kwenye baraza la wazee. Karatasi ya ubaoni wanaisoma washarika tu, ila jina likishaingia intaneti hata bosi wako analiona, ukija kulifuta watu walishapiga skrinshoti zamani. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na imani ya dini ni taarifa nyeti kabisa.

MHAZINI MSTAAFU: Nimeshika vitabu vya kanisa miaka mingi, watu wasipoona hesabu maneno hayaishi. Wekeni.

MTOA MADA: Shikamoo mzee wangu. Hesabu ziwekwe, hapo tuko pamoja, jumla ya ahadi, kilicholipwa, saruji mifuko mingapi, bati ngapi, na picha za jengo lilipofikia. Anayetaka kujua deni lake si amuulize parishi woka, yule mtumishi wa usharika?

KWAYA YA VIJANA: Jamani mnagombania orodha wakati mgeni hajui ibada ya kwanza inaanza saa ngapi! Nilisafiri nikaangalia tovuti ya usharika fulani, ratiba ilikuwa ya mwaka juzi, nafika watu wanatoka. Juu kabisa wekeni saa za ibada, ya Kiswahili na ya Kiingereza, ukipanda daladala unashuka kituo gani, namba ya ofisi, na mtu mmoja apewe kazi ya kubadilisha kila Jumamosi. Picha ziwe nyepesi, bando ni ghali. Na jina la tovuti lisajiliwe kwa usharika, lisisajiliwe kwa fundi, akihama mnabaki hamna kitu.

MHAZINI MSTAAFU: Marahaba. Basi wekeni namba za bahasha za sadaka za kila msharika badala ya majina.

MTOA MADA: Mzee, bahasha tunapanga foleni nazo kila Jumapili, namba tunajuana. Kuna mama pale kwetu aliahidi laki tatu, mwezi uliofuata akafiwa na mume. Naye tumweke?