Jina la mkuu wa maabara kwenye kila makala: haki au mabavu?

Mtafiti Mchanga: Wakuu, naomba ushauri. Nimemaliza uzamivu, niko kwenye mkataba wa mwaka mmoja. Bosi, mkuu wa maabara yetu, hajagusa rasimu ya makala yangu ila anataka jina lake liwe la mwisho kwenye orodha ya waandishi, nafasi ya heshima ya mkuu wa maabara. Miongozo ya ICMJE, ile kamati ya wahariri wa majarida ya tiba, inataka mwandishi atimize masharti yote manne: achangie utafiti, aandike au ahakiki, aidhinishe toleo la mwisho na awajibike. Kutafuta fedha peke yake hakutoshi. Nifanyeje?

Mzee wa Maabara: Maombi ya ufadhili unaokulipa mshahara aliandika nani? Vijana hamna subira. Sisi tulivumilia.

Binti Darubini: Mzee wangu, hilo la subira limenichoma. Jocelyn Bell Burnell aliziona ishara za pulsa, nyota zinazotoa mapigo ya redio, mwaka 1967 akiwa mwanafunzi wa uzamivu. Nobel ya 1974 akapewa msimamizi wake, Antony Hewish, pamoja na Martin Ryle. Avumilie nini tena?

Mzee wa Maabara: Mwenyewe hakulalamika. Na baadaye si alipewa tuzo nono zaidi, kama dola milioni tatu hivi?

Binti Darubini: 2018, miaka 51 baada ya ugunduzi! Na fedha zote akazitoa zisomeshe wanafunzi wa fizikia wanaoachwa nyuma. Mwenye mkataba wa mwaka mmoja atasubiri nusu karne?

Kalamu Huru: Katalin Karikó je, yule mtafiti wa mRNA, molekuli iliyotumika kwenye chanjo za korona? Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimshusha cheo 1995, akang'ang'ana na mRNA yake, 2023 akabeba Nobel.

Binti Darubini: Mnawataja walioshinda tu. Mwenzangu wa maabara aliacha sayansi kabisa, na data zake bado zinatoa makala za watu wengine. Huyo nani anamtaja?

Mzee wa Maabara: Usinipakazie, binti. Wanafunzi wangu wote nimewaandikia barua za mapendekezo.

Kalamu Huru: Mzee, hapo ndipo penye tatizo. Anayeisubiri hiyo barua atakukatalia vipi?

Mtafiti Mchanga: Jamani, nawasilisha Ijumaa. Nimwandike au nimwache?

Mzee wa Maabara: Mwandike.

Binti Darubini: Mtumie rasimu leo kwa barua pepe, omba maoni yake kwa maandishi. Akiihakiki kwelikweli, na mchango kwenye utafiti anao, anastahili. Akinyamaza, mweke kwenye shukrani.

Kalamu Huru: Halafu mkataba ukiisha, barua ya mapendekezo ataandikiwa na nani?